Nyumba ya mashine kijijini kwetu Newala inavunjwa: tuliokaa foleni pale tuseme

#1 Somoe wa Newala

Habari za asubuhi wakuu, na wakubwa zangu mliomo humu shikamooni.

Wiki iliyopita nilipanda kijijini, upande wa Kitangari, kwenye arobaini ya mama mdogo. Nateremka kwenye gari, naona nyumba ya mashine imepigwa X nyekundu ukutani, imeanzia chini ya dirisha mpaka karibu na bati. Nikauliza. Nikaambiwa pale zinajengwa fremu za maduka, sita. Nyumba inavunjwa na mwembe wa mbele unakatwa. Usiku ule sikupata usingizi, ndiyo maana nimeuleta uzi huu.

Kwa asiyeijua: ni nyumba ya matofali ya kuchoma, chumba kimoja kikubwa na kibanda cha mafuta nyuma. Wanakijiji waliijenga wenyewe baada ya watu kukusanywa pamoja wakati wa Operesheni Vijiji. Mama yangu ni mmoja wa waliobeba matofali yale kichwani, mimi nikiwa mgongoni. Ndani ilifungwa injini ya Lister ya dizeli, ile yenye magurudumu mawili mazito, ikavutana na mashine ya kusaga kwa mkanda mrefu. Nje, pande mbili, kuna baraza ya saruji ambayo imekaliwa mpaka imelainika kama jiwe la mtoni.

Kabla ya hapo ni kinu na mchi. Marehemu bibi alikuwa akinieleza walivyotwanga mtama alfajiri, wanawake watatu, michi mitatu, kinu kimoja, kila mmoja na zamu yake na hakuna mchi unaogonga mwenzake, kwa sababu wimbo ndio ulioshika mpigo. Na mjue kwetu juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, maji yakisukumwa kutoka bondeni Mitema, lakini bomba likikauka mwanamke anateremka bondeni usiku na ndoo, anapanda nayo, halafu kinu kinamngoja. Mashine ilipokuja ilimrudishia mtu saa zake.

Lakini kilichonileta hapa ni foleni.

Foleni yetu ilikuwa ya vyombo. Debe, kapu, ndoo, kiroba, vimejipanga kwenye mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, na kila kimoja kina alama ya mwenyewe: kipande cha kanga, jani, kokoto tatu juu ya mahindi. Chombo kikishakaa kwenye mstari, mwenyewe yuko huru kukaa barazani. Na hapo ndipo penye siri yote. Wanaume walikuwa na kahawa, walikuwa na bao, walikuwa na baraza ya msikiti. Mwanamke akikaa nje na wenzake saa nzima ataulizwa, kwani wewe nyumbani kwako kazi zimekwisha? Ila debe lako likiwa foleni hakuna wa kukuuliza. Upo kazini. Hata mume mkali kiasi gani hawezi kusema unga usisagwe.

Basi kila kitu cha wanawake wa kijiji kile kilipita pale. Mwali wa nani anatoka lini, nani atachangia mtama wa ngoma, mchango wa mzazi aliyejifungua mapacha, mama fulani ameonekana na jicho limevimba na nani amwendee. Mimi niliambiwa habari za kuvunja ungo pale barazani na shangazi yangu, kwa sauti ya chini, injini ikinguruma, hakuna mwanamume wa kusikia. Na tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona tena mahali pengine: unga wa msiba haukai foleni. Debe la wafiwa likija, vyombo vyote vinasogezwa, na kila mwenye chombo anachota kiganja kimoja cha kwake anakitia kwenye debe lile. Linafika mdomoni mwa mashine likiwa limefurika.

Umeme wa REA, ule mradi wa umeme vijijini, umefika, sasa zipo mashine tatu za mota, hakuna wa kungoja. Injini ya zamani imebaki imefungwa kwenye msingi wake ndani ya giza.

Naomba wenye kumbukumbu za nyumba kama hizi, Mtwara na Lindi yote, mseme. Na mwenye kujua namna ya kuzungumza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji anielekeze, maana utakaa mwezi ujao.

#2 Fundi Chekeche

Dada Somoe, umenigusa. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, nipo Masasi, nimezifungua hizo Lister nyingi sana.

Nieleze kidogo ili vijana wajue mnaongelea kitu gani. Lister asili yake ni Dursley, Uingereza. Zile za zamani za mwendo wa polepole, silinda moja, zilikuwa na nguvu ya farasi 6, zinazunguka mara 650 tu kwa dakika. Ndiyo maana mlio wake unauhesabu: tuku, tuku, tuku. Zipo pia za silinda mbili. Nyingi zilizokuja baadaye zilitengenezwa Rajkot, India, kwa muundo uleule, na vipuri vinaingiliana.

Haina betri, haina swichi. Unanyanyua kile kidude cha kufungulia pumzi, unaingiza hendeli, unazungusha mpaka magurudumu yashike kasi, halafu mwenzako anakiangusha kidude. Inakohoa, inakohoa, inakubali. Hendeli isipochomoka kwa wakati inavunja mkono. Nimeona mikono miwili iliyovunjika hivyo.

Ile mashine yenyewe sasa: ndani kuna nyundo za chuma zinaning'inia kwenye shafti, zinaipiga nafaka kwa kasi kubwa mpaka iwe ndogo kiasi cha kupita kwenye matundu ya chekeche. Chekeche ndilo linaloamua unga uwe laini au wa chenga. Makopa, vile vipande vya muhogo wa kuanika, yasipokauka yanaziba chekeche, injini inaanza kulia, mkanda unateleza. Msagaji mzuri alikuwa anavunja kipande cha kopa kwa vidole kabla hajalipokea. Likikatika kwa mlio, sawa. Likipinda, rudi nalo nyumbani ukalianike.

Na maji! Injini ile inapozwa kwa maji ya pipa. Huko kwenu uwandani ambako maji ni dhahabu, vijiji vingi niliona utaratibu kwamba kila mwenye debe anakuja na kidumu kidogo cha maji ya pipa. Kwenu ilikuwa hivyo?

Miaka ya 1980 nyingi zilinyamaza. Dizeli haikupatikana, na hata ikipatikana hela hakuna, maana korosho ilikuwa imeanguka. Nchi ilikuwa imefika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, msimu wa 1986/87 haikufika hata tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori, kisha ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia. Kijiji kisicho na korosho hakinunui dizeli. Akina mama wakarudi kinuni.

#3 Somoe wa Newala

Fundi, ndiyo, kidumu cha maji kilikuwa lazima. Sisi watoto ndio tuliobeba. Mama debe kichwani, mimi nyuma na kidumu. Ukifika unakimimina mwenyewe kwenye pipa, na yule mzee wa mashine anakuitikia kwa jina. Nilikuwa nikijiona mtu mkubwa.

#4 Ntwara Kuchele

Naweka mkeka hapa. Bibi yangu wa Nanyamba alikuwa akisikia mlio tu anasema, "Imewaka, nipeni kanga."

#5 Mama wa Watano

Nimesoma yote. Somoe mdogo wangu, naomba niseme tofauti na usinichukie.

Mimi ni wa Nanyumbu, kijiji chetu hakikuwa na mashine. Ya karibu ilikuwa kijiji cha tatu. Nikiwa darasa la nne nilikosa shule kila Alhamisi kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya kwenda mashine, na mtoto wa kike mkubwa nyumbani nilikuwa mimi. Tunaondoka jogoo la kwanza. Tunakaa foleni mpaka jua linageuka. Mara mbili katika kumbukumbu zangu tumekaa kutwa, mkanda umekatika, tumerudi na mahindi yetu vilevile, na usiku mama akayatwanga, mimi nimemshikia kibatari.

Na hiyo baraza mnayoisifu ndiyo iliyomwachisha dada yangu. Neno lilianzia foleni, mtu kamuona wapi na nani, kabla debe la mwisho halijasagwa limeshafika kwa mumewe. Halikuwa la kweli. Aliachika nalo. Msagaji naye alikuwa na maneno yake kwa wasichana, na wakubwa walikuwa wakinyamaza kwa sababu wanataka unga wao upite mapema.

Leo mjukuu wangu anapeleka sado mbili kwa mashine ya jirani, anarudi kabla sijainjika sufuria. Yuko kidato cha pili. Kwa hiyo mimi nikiona nyumba ya zamani inavunjwa, roho yangu haiumi. Samahani kama nimewakosea.

#6 Somoe wa Newala

Dada, hujanikosea. Nimeyasoma maneno yako mara tatu na nimemsomea na mama.

Nilikuwa sijasema upande huo, na upo hata kwetu. Mama amenikumbusha kwamba yuko mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri mpaka jua linataka kuzama ndipo aje mashine, asikute watu, kwa sababu ya aliyosemwa pale. Tulikuwa watoto, tulidhani anachelewa tu.

Sitaki foleni irudi. Mungu aepushe mtoto yeyote akose shule kwa unga. Ninachoshikilia ni kile kibaraza. Mashine tatu za sasa hakuna hata moja yenye pa kukaa. Unasimama juani, unapewa unga, unaondoka. Mwanamke wa kijiji chetu leo akitaka kukaa na wenzake bila harusi, bila msiba na bila kikundi cha mkopo, anakaa wapi? Nimewauliza wengi swali hilo kwenye arobaini. Hakuna aliyenitajia mahali.

#7 Nesi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nimefanya kazi zahanati za Masasi na Newala zaidi ya miaka thelathini, na nataka kusema jambo ambalo watu wamelisahau.

Kwetu chakula ni muhogo, na muhogo mwingi unaozaa vizuri kwenye mchanga ule ni mchungu. Uchungu ule ni sumu. Ukiumenya, ukauvundika au kuuloweka siku kadhaa na kuuanika ukakauka, sumu inapungua sana. Lakini mwaka wa njaa watu wanafupisha. Kuna ule utaratibu wa kuutwanga mbichi, kuanika, kutwanga tena, na kuupika siku ileile au ya pili, wanaouita chinyanya. Mwaka 1988 wakati wa ukame Masasi watu waliugua ghafla kwa ugali wa namna hiyo: kutapika na kizunguzungu. Na kuna ugonjwa mbaya zaidi, konzo, unaoikamata miguu yote miwili kwa ghafla, na miguu ikishakakamaa hairudi. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Sasa mimi kama nesi nilipewa kazi ya kuelimisha. Nikiita mkutano ofisi ya kijiji wanakuja wanaume. Kliniki wanakuja wenye watoto wachanga tu. Bibi anayepika nyumbani, yule ambaye ndiye mwenye uamuzi wa muhogo uvundikwe siku ngapi, nampata wapi? Nilimpata foleni ya mashine. Nilikuwa nakwenda Jumatano na Jumamosi, nakaa barazani, nashika makopa ya mtu mkononi mbele ya wote, nasema haya ni mazuri, haya bado. Mama mmoja aliyeyajua vizuri alikuwa anafundisha kuliko mimi. Yule msagaji naye alinisaidia, kama Fundi alivyosema, kwa kukataa yasiyokauka.

Kuna njia nyingine rahisi ambayo ningependa ijulikane: unga wa muhogo ukishasagwa, uchanganye na maji uwe tope zito, utandaze mwembamba kwenye ungo au mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo usonge ugali. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki inaondoka na hewa. Leo hiyo ningeifundishia wapi? Kwenye simu? Bibi hana simu ya kusoma.

Nakubaliana na Mama wa Watano kuhusu watoto wa shule. Nimewaona kwa macho yangu. Hata hivyo namuunga mkono Somoe.

#8 Mwera wa Mtama

Mimi ni wa Lindi, Mtama, barabara ya Masasi. Babu yangu ndiye aliyekuwa mtu wa mashine kijijini kwetu, kwa hiyo nimekulia ndani ya unga.

Babu alijifunzia injini Nachingwea. Alikwenda kijana kabisa kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, yale yaliyoanza 1947 na kufa 1951. Karanga hazikuota kama walivyotaka, lakini vijana wetu wengi walitoka pale wakijua spana, oili na bolti. Akafanya kazi kidogo kwenye reli, na reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ujuzi ukabaki. Serikali ya kijiji ilipopata injini haikuwa na wa kumwita ila yeye. Aliitunza kama mtoto. Usiku anaifunika na turubai. Alikuwa na sheria moja kali: mfuko uliobeba salfa, ile dawa ya mikorosho, hauingii ndani ya nyumba ile, hata ukiufua mara kumi. Watu walikuwa wakinung'unika kwa sababu vifuko vilikuwa adimu. Hakuregeza.

Nataka niwape siku moja. Alikuwa na redio yake juu ya dirisha, na kila saa ya taarifa ya habari anazima injini ili watu wasikie, hasa matangazo ya vifo, maana mwenye ndugu Dar es Salaam au Tanga hakuwa na njia nyingine. Tarehe 14 Oktoba 1999 mimi nilikuwa pale, nimefuata pumba za kuku. Babu akazima. Ikatoka sauti ya Rais Mkapa, mtu wa Lupaso, mtu wa kwetu, anasema Mwalimu amefariki. Baraza nzima wanawake wameshika mashavu. Hakuna aliyelia kwa sauti mwanzoni. Babu akatoka ndani, mweupe kwa unga toka kichwani mpaka miguuni, akasimama mlangoni, akavua kofia. Hakuiwasha tena siku ile. Watu waliacha madebe yao kwenye foleni wakaenda zao, na asubuhi tuliyakuta yote, hakuna hata punje iliyopungua.

Nyumba ya kwetu ilishavunjwa. Pale pana stoo ya saruji.

#9 Kijana wa Mahuta

Heshima yenu wakubwa. Mimi ndiye mnayenisema, nina mashine ya mota Tandahimba, umeme wa fezi tatu.

Ninasaga debe kwa dakika chache. Nikikaa na foleni nimeshindwa biashara, mteja anahamia kwa jirani. Luku ya umeme inakimbia, nalipa msaidizi, nalipa pango. Siwezi kumjengea mtu baraza wakati fremu yenyewe ni ya kukodi. Wengi hata hawaji wenyewe, wanampa bodaboda kiroba na jina limeandikwa kwa kalamu. Nina wateja wa mwaka mzima ambao sura zao sizijui.

Hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria mpaka niliposoma hapa kuhusu mzee aliyemwita mtoto kwa jina. Msimu wa korosho ukiisha nitaweka benchi chini ya mkorosho ulio mbele. Hilo liko ndani ya uwezo wangu.

#10 Mkaa Magofuni

Somoe, nizungumzie mkutano wako. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni Mikindani na Kilwa, kwa hiyo mambo ya majengo nayafahamu kiasi.

Usiende ukategemea sheria ikuokoe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo, tena yapo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Hata Boma la Wajerumani la Mikindani, la mwaka 1895, halikusimama mpaka leo kwa umri wake, limesimama kwa sababu watu waliamua kulikarabati na kulitumia. Nyumba yenu ya miaka ya 1970 haina wa kuilinda ila wenyewe walioijenga.

Lakini hapo ndipo penye nguvu yako. Ni mali ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza fremu, lakini jambo kubwa kama hilo lipelekwe kwenye mkutano mkuu, ambako kila mtu mzima wa kijiji ana sauti. Halmashauri ina watu 15 hadi 25, na robo yao angalau ni wanawake. Anza na hao wanawake, uwaendee majumbani kabla ya siku ya mkutano. Usiende na maneno ya "tuhifadhi historia", mwenyekiti atakuuliza historia inaingiza shilingi ngapi. Nenda na hesabu ya kamba: kiwanja kina urefu gani, fremu sita zinakaa wapi kama nyumba inabaki. Pima kabla hujasema.

#11 Somoe wa Newala

Mkaa Magofuni, asante. Kamba nimeshanunua.

#12 Mama wa Watano

Nimerudi. Maneno ya nesi yamenikalia tangu juzi, kwa sababu mama yangu mkubwa alikuwa na ugonjwa huo wa miguu. Sisi tulisema amerogwa. Aliburuta miguu mpaka anakufa, na hakuna aliyetuambia ni muhogo. Sasa nafikiria, kama na sisi kijijini tungekuwa na mashine yetu, na baraza, na nesi wa kukaa Jumatano, labda angesikia.

Somoe, ukienda mkutanoni waambie hilo. Na waambie pia habari ya dada yangu, usiifiche. Wakae wakijua mdomo unaua.

#13 Somoe wa Newala

Wakuu, mkutano umefanyika jana. Naandika nikiwa bado kijijini, mtandao unakuja na kuondoka.

Nilifuata ushauri. Wanawake sita wa halmashauri niliwaendea mmoja mmoja, watatu kati yao walikuwa watoto wenzangu wa vidumu. Nilipima kiwanja mchana na mtoto wa kaka yangu, na tuligundua upande wa nyuma, palipo na kibanda cha mafuta, panatosha fremu nne bila kugusa nyumba wala mwembe. Nne, si sita. Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wote.

Vijana walisema wazi wanataka biashara, na wana haki. Mzee mmoja alisimama akasema nyumba ile ni ya mashetani siku hizi, imejaa popo. Ni kweli popo wapo. Nilisema yangu, kisha nikasoma ya Nesi na ya Mama wa Watano kutoka kwenye simu, pamoja na habari ya dada, kama nilivyoagizwa. Palikuwa kimya. Halafu akasimama mwanamke mtu mzima sana, mimi sikumtegemea, yule niliyewaambia alikuwa akija mashine jua likizama. Akasema: "Mimi pale nilisemwa. Na pale pia, mume wangu alipofariki, debe langu lilijazwa viganja na walewale. Msipavunje." Akakaa.

Wamepiga kura kwa mikono. Zimepita fremu nne nyuma, nyumba na mwembe vibaki. Bati la nyumba limeoza, halmashauri imesema haina fungu la kulibadilisha, kwa hiyo limeachwa kwetu tunaopataka. Zahanati imeulizwa kama siku ya kupima watoto uzito inaweza kufanyika pale barazani. Jibu bado. X ingali ukutani, tumeambiwa tuipake chokaa wenyewe.

Nilimfuata yule mama baadaye nikamwamkia. Aliniuliza kama injini bado inazunguka. Sikujua cha kumjibu. Fundi Chekeche, inawezekana?

#14 Fundi Chekeche

Hongera sana dada. Inategemea kama ilifunikwa bomba la moshi. Kama maji ya mvua yaliingia, pistoni imeshikana. Hata hivyo injini zile ni ngumu kufa.

Mtu asiijaribu kwa nguvu. Mwagia mafuta ya taa na oili kidogo juu ya pistoni, iache siku tatu au nne, halafu shika gurudumu kwa mikono, sukuma taratibu mbele na nyuma. Ikitikisika hata inchi moja nipigie, nitakuja na nozo na pete, nauli nitajitegemea. Andaeni maji ya pipa. Hendeli ipo?

#15 Somoe wa Newala

Hendeli ipo, kwa mjane wa mzee wa mashine. Maji tutabeba.

#16 Fundi Chekeche

Vizuri. Ikiwaka, msikimbilie kusaga chakula. Ndani mna kutu na kinyesi cha popo. Nyundo na chekeche nitazifungua nizisafishe, kisha tupitishe pumba debe mbili au tatu, na hizo zimwagwe, wasipewe hata kuku. Tafuteni pumba za kutosha.

#17 Mama wa Watano

Pumba ninazo. Niambieni siku, nitapanda gari la asubuhi nije nazo.